Kutolewa Kizazi Ukikaribia Hamsini

Mwanamke wa Kimana, katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, aliyevuka miaka 45, aliyezaa akamaliza, na ambaye kila mwezi hutokwa na damu siku nane au kumi, atapewa ushauri uleule na watu wengi: kitolewe. Kizazi kimeshafanya kazi yake, kinabakia cha nini? Hoja hiyo ina mvuto kwa kuwa ni fupi, na kwa kuwa anayeitoa mara nyingi amemwona dada au wifi aliyetolewa kizazi akapata nafuu. Kasoro yake ni kwamba inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mtu hapasuliwi kwa sababu kiungo chake hakina kazi tena. Hupasuliwa kwa sababu kuna tatizo, na hedhi nzito ya umri huu ina tabia ambayo maradhi mengi hayana: ina mwisho wake. Hedhi itakoma, na kwa wanawake wengi itakoma karibu na miaka 50. Upasuaji unaofanywa katika umri wa miaka 46, basi, haununui nafuu ya maisha yote. Unanunua nafuu ya miaka michache, na bei yake ipimwe kwa miaka hiyo.

Damu yenyewe ina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni ovari zinazoanza kuchoka. Ujanani yai hupevuka karibu kila mwezi, na baada yake homoni ya projesteroni huutuliza utando wa ndani wa kizazi hadi umwagike kwa mpangilio. Miaka ya arobaini ikisonga, kuna miezi ambayo yai halipevuki. Estrojeni huendelea kuunenepesha utando bila projesteroni ya kuuzuia, nao ukianza kubanduka hubanduka kwa wingi na bila tarehe. Chanzo cha pili ni fibroidi, yaani uvimbe wa misuli ya kizazi ambao si saratani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba wafikapo miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya weupe huwa nazo. Takwimu hiyo inatisha ukiisoma haraka, lakini ukiisoma taratibu inatuliza: kama karibu kila mtu anazo, basi picha ya ultrasaundi inayoonyesha fibroidi bado haijasema kwamba ndizo zinazomuumiza mwenye nazo. Iliyochomoza ndani ya chumba cha kizazi yaweza kumwaga damu hata ikiwa ndogo kama punje ya harage, na kubwa iliyo upande wa nje ikakaa kimya miaka kumi. Zote hutegemea homoni, na hedhi ikikoma kwa kawaida husinyaa.

Kusubiri si kuvumilia, na hapa ndipo ushauri mwingi wa mtaani unapopotea. Anayepoteza damu nyingi kila mwezi huishiwa na akiba ya madini ya chuma, akaanza kuhema anapobeba mtungi wa maji, moyo ukaenda mbio, akadhani ni uzee. Huyo asiambiwe asubiri mikono mitupu. Vidonge vya asidi ya traneksamiki, vinavyomezwa siku za damu tu, hupunguza damu kwa karibu nusu. Madini ya chuma hurudisha akiba. Na ipo koili yenye homoni ya levonojestreli, ambayo isichanganywe na ile ya shaba, kwani ya shaba yaweza kuongeza damu. Hii ya homoni huufanya utando uwe mwembamba kwa miaka mitano na zaidi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Finland waliwachukua wanawake 236 wa miaka 35 hadi 49 wenye hedhi nzito, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wapewe koili hiyo, nusu watolewe kizazi. Baada ya miaka mitano, ubora wa maisha wa makundi hayo mawili ulikuwa sawasawa, na gharama za kundi la koili zilikuwa ndogo zaidi. Lakini asilimia 42 ya waliopewa koili walikuwa wamekwishatolewa kizazi. Mtetezi wa kisu atasema karibu nusu walifeli. Mimi nasoma upande wa pili: zaidi ya nusu ya wanawake ambao wangepasuliwa hawakupasuliwa, na waliopasuliwa hawakupoteza kitu kwa kujaribu kwanza.

Atakayepinga atasema Kimana si Helsinki, na pingamizi hilo ni zito. Kaunti ya Kajiado ina karibu kilomita za mraba 22,000, na ndani yake kuna Kitengela, mji wa watu zaidi ya 154,000 kwa sensa ya 2019, uliobanana na Nairobi kiasi kwamba mtu huenda kwa bingwa asubuhi akarudi kupika chakula cha mchana. Kimana iko upande wa pili, chini ya Kilimanjaro, kwenye mashamba ya nyanya na vitunguu yanayomwagiliwa. Mgonjwa wa huko huanzia kituo cha afya cha pale, apelekwe Loitokitok, na akihitaji kipimo au bingwa asiyepatikana huko, safari ni ya Kajiado mjini au Nairobi, aghalabu kupitia Emali, kilomita zipatazo 80 kabla hata ya kuiona barabara ya Mombasa. Kila kliniki ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Kwa hesabu hiyo, upasuaji wa mara moja unaonekana bora kuliko dawa za kurudia. Tena bima ikilipia kulazwa, na vidonge vikanunuliwa kwa pesa za mfukoni, kisu huwa ndicho cha bei nafuu machoni pa mgonjwa hata kama kwa taifa ni ghali.

Naikubali nusu ya hoja hiyo. Umbali ni sehemu ya ugonjwa, na daktari anayeandika tarehe ya kurudi bila kuuliza mgonjwa ametoka wapi anatibu karatasi. Ila umbali uhesabiwe pande zote mbili. Baada ya kupasuliwa tumbo, mwanamke anatakiwa asibebe kitu kizito kwa wiki sita hivi: mtungi, kuni, kreti ya nyanya. Mrija wa mkojo unaotoka kwenye figo hupita karibu sana na mishipa ya kizazi, na ukijeruhiwa, dalili zaweza kuonekana siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa amekwisharudi nyumbani. Daktari Tom Raassen na wenzake, waliokusanya kumbukumbu za miaka 18 za wanawake wenye fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo, katika nchi 11, walichapisha mwaka 2014 kwamba zaidi ya mmoja kati ya kumi alijeruhiwa na upasuaji wenyewe. Wengi walikuwa wamepasuliwa kwa dharura ya uzazi, lakini karibu mmoja kati ya watano wa hao alitoka kwenye upasuaji wa magonjwa ya wanawake. Madhara haya ni nadra kwenye mikono ya mzoefu. Yakitokea, ndipo barabara ya Emali inapokuwa ndefu kweli. Koili yenye homoni, kwa upande wake, huwekwa kwa dakika chache na mhudumu aliyefunzwa, hata kwenye kituo cha afya, nayo hukaa miaka. Haimfai kila mtu: fibroidi iliyopinda chumba cha kizazi yaweza kuisukuma nje. Hata hivyo, ukitafuta tiba inayoitegemea barabara kidogo kuliko zote, ni hiyo, na inashangaza kwamba ndiyo inayotajwa mwisho.

Wala tusidhani kwamba mahali huamua tiba kwetu tu. Mtafiti John Wennberg aliandika mwaka 1982 kuhusu miji miwili ya jimbo la Maine, Marekani, isiyoachana hata maili 20. Kwa kasi ya upasuaji ya wakati ule, mmoja ungefikisha wanawake 70 kati ya 100 waliotolewa kizazi watimizapo miaka 75, na wa pili 25. Vizazi vya miji hiyo havikutofautiana hivyo. Madaktari wake ndio waliotofautiana. Kule Beed, India, tume ya serikali iligundua mwaka 2019 kwamba wanawake zaidi ya 13,000 wanaokata miwa walikuwa wametolewa kizazi, wengi wakiogopa kupoteza ujira wa siku za hedhi. Hapo upasuaji uligeuka kuwa chombo cha shamba.

Kuna wasioruhusiwa kungoja, na hoja yangu haiwahusu. Damu inayorudi baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima ichunguzwe mara moja. Damu isiyo na mpangilio baada ya miaka 45 inahitaji kipande kidogo cha utando kivutwe kwa mrija mwembamba na kupelekwa maabara, jambo lisilohitaji dawa ya usingizi. Damu baada ya kujamiiana inaelekeza kwenye mlango wa kizazi, ambao saratani yake ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Wapo wanaosema bora kitolewe kabisa kabla saratani haijaja. Lakini anayetolewa kizazi kwa upasuaji wa kawaida bila mlango wake kupimwa, hata kwa siki tu, na kumbe saratani ilikuwa imeshaingia, amefanyiwa upasuaji usiotosha, na matibabu yake yanayofuata huwa magumu zaidi. Kipimo hutangulia. Na wale ambao fibroidi zimefikia ukubwa wa mimba ya miezi mitano zikakandamiza figo, au waliojaribu dawa na koili wakashindwa, kwao kisu ni tiba nzuri, na wengi hutoka wakiwa na afya waliyokuwa wameisahau. Hofu ya kwamba ndoa itapoa mlango wa kizazi nao ukitolewa haina msingi mkubwa: jaribio la London lililochapishwa 2002 halikuona tofauti katika tendo la ndoa kati ya walioondolewa mlango wa kizazi na walioachiwa.

Linabaki jambo ambalo mara nyingi huamuliwa mgonjwa akiwa hajaelezwa. Ovari si sehemu ya kizazi, ingawa huweza kutolewa pamoja nacho "kwa kuwa tumeshafungua". Zikitoka kabla ya wakati wake, hedhi haikomi polepole. Joto la ghafla, kukosa usingizi na mifupa kupoteza madini huja kwa pamoja, na tafiti za Marekani zilizofuata wanawake kwa miongo zimehusisha jambo hilo na vifo vingi zaidi, hasa kwa ugonjwa wa moyo. Hata zikiachwa, utafiti mmoja wa 2011 ulionyesha kwamba ovari za waliotolewa kizazi zilikoma mapema karibu mara mbili zaidi ya za wenzao. Asiye na historia ya saratani ya ovari au ya matiti katika familia ana haki ya kuomba iandikwe kwenye fomu ya idhini kwamba ovari zake zibaki. Mirija ya uzazi inaweza kutolewa, kwani saratani nyingi za ovari zinaonekana kuanzia huko. Mambo hayo yazungumzwe kliniki, siku kadhaa kabla, mgonjwa akiwa na nafasi ya kuuliza mara ya pili.