Mto Mmoja, Koo Nyingi za Samaki

Ubundu, mji ulioitwa Ponthierville enzi za Wabelgiji, ndipo vyombo vinavyoteremka mto Lualaba kutoka Kindu vinapokoma. Kutoka hapo hadi Kisangani, mwendo wa takriban kilomita 100, mto unashuka kiasi cha meta 60 katika maporomoko saba ya Boyoma, na njiani unavuka ikweta. Reli ya kilomita 125 inayounganisha miji hiyo miwili ilikamilika mwaka 1906 kwa sababu moja: majini hapakupitika. Tangu hapo maporomoko yamehesabiwa kuwa tatizo la usafiri, na kila mpango wa maendeleo huuliza jinsi abiria na mizigo watakavyoyapita. Ni mara chache mtu kuuliza samaki wanayapitaje. Hata hivyo swali hilo lina uzito, kwa kuwa mazingira ya maji, yaani kasi yake, kina chake, rangi yake na vizuizi vyake, ndiyo yanayoamua samaki gani azaliane na nani. Anayetaka kuhifadhi samaki wa Tshopo, jimbo ilimo miji hiyo miwili, hana budi kuyasoma maji kwanza, kabla ya kuhesabu samaki walioingia wavuni.

Kila samaki hubeba vinasaba alivyorithi kwa wazazi wake, na hata ndani ya spishi moja vinasaba hivyo hutofautiana kidogo kati ya samaki na samaki. Tofauti hizo huzaliwa na mabadiliko madogo yanayotokea vinasaba vinaponakiliwa. Baada ya hapo mambo matatu huamua zipi zidumu. La kwanza ni mchanganyiko: samaki wa sehemu moja wakizaliana na wa sehemu nyingine, tofauti husambaa na makundi hufanana. La pili ni bahati: katika kundi dogo, sifa fulani yaweza kupotea kwa sababu tu wachache walioibeba hawakuacha watoto. La tatu ni uteuzi wa mazingira, ambapo samaki anayeyamudu maji ya mahali huacha wazao wengi kuliko mwenziwe. Mto una mkono katika yote matatu. Poromoko huzuia mchanganyiko, kidimbwi kilichojitenga huipa bahati nguvu, na mkondo mkali huchagua maumbile. Mtazame Steatocranus, samaki mdogo wa jamii ya sikilidi, ndugu wa tilapia na wa furu wa Ziwa Victoria. Kibofu chake cha hewa kimepungua, hivyo haelei kama samaki wengine. Hujibana chini kwenye mawe na kusogea kwa kurukaruka, ili mkondo usimzoe.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka sehemu ya chini ya mto huu huu, unaoitwa Kongo baada ya Kisangani, kwenye maporomoko yaliyo kati ya Kinshasa na Matadi. Hapo zimetambuliwa spishi zaidi ya 300, na kina cha maji katika baadhi ya sehemu hupita meta 200. Mwaka 2010 watafiti Markert, Schelly na Stiassny walionyesha kuwa makundi ya sikilidi waliotenganishwa na mikondo mikali yameachana kwa vinasaba na kwa umbo pia. Mwaka 2017 Alter na wenzake walichunguza samaki wa jenasi Teleogramma kwa kupima sehemu nyingi mno za vinasaba, wakakuta makundi yaliyotengana ingawa umbali kati yao ni mdogo sana, hata pale ambapo hakuna ukuta wa mwamba. Maji yenyewe ndiyo ukuta. Katika vina hivyo huishi pia Lamprologus lethops, samaki asiyeona na asiye na rangi. Wavuvi humpata juu ya maji akiwa amekufa au yu taabani, mwilini mna mapovu ya hewa, ishara kwamba mkondo ulimpandisha ghafla kutoka kwenye kina kirefu.

Mtu anaweza kusema kwamba Boyoma si maporomoko ya kule chini, wala samaki si gunia la mchele lisiloweza kushuka poromoko. Hoja hiyo ina ukweli. Wavuvi wa Wagenia pale Kisangani hufunga magogo kwa kamba za msituni juu ya maji yanayochemka, kisha hutega vikapu vikubwa vyenye umbo la pia, midomo ikielekea mkondo, na nguvu ya maji huwasukuma samaki ndani. Mtego huo wenyewe unathibitisha kwamba samaki huzolewa na maji. Lakini kushuka si kupanda. Wanaoteremka wanaweza kupeleka vinasaba vya juu huko chini, ilhali wa chini hawana njia rahisi ya kurudisha vyao, hasa wakiwa wadogo na wa kukaa mawe yale yale. Isitoshe, si kila samaki hukutana na kizuizi kwa namna moja. Kwa mbenga, mwenye nguvu na mzoefu wa mito mikubwa, na kwa samaki wa mawe, poromoko lile lile laweza kuwa mambo mawili tofauti. Kwa hiyo hatuwezi kupiga mstari mmoja kwenye ramani na kuwatenga samaki wote kwa mstari huo, ila pia hatuwezi kudai kwamba mto ni mmoja kwa sababu maji yake hayakatiki. Tena utengano una gharama yake: huongeza tofauti baina ya makundi, lakini kundi dogo lililofungiwa hupoteza tofauti zake za ndani, na likiangamia hakuna wa kuja kulijaza.

Kaskazini-mashariki mwa bonde la Kongo, wanakotoka samaki wa masoko ya Kisangani, Decru na wenzake walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba vya samaki 821 wa spishi 206 zilizotambuliwa kwa umbo. Katika jenasi 10, vinasaba vilionyesha spishi nyingi kuliko jicho lilivyohesabu. Maana yake ni kwamba fungu la samaki lenye jina moja sokoni laweza kuwa na koo kadhaa ndani yake, na ukoo mmoja unaweza kutoweka huku jina likiendelea kutajwa na bei ikiendelea kupangwa.

Vizuizi si miamba peke yake. Katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, furu madume wa Pundamilia pundamilia wana rangi ya buluu, na wale wa Pundamilia nyererei wana wekundu. Majike huchagua kwa rangi. Timu ya Ole Seehausen iliona kwamba penye maji maangavu spishi hizi mbili hubaki mbalimbali, na penye maji yaliyochafuka kwa tope huchanganyika, kwa kuwa jike haoni vizuri wa kumchagua. Hakuna aliyewavua wakaisha. Mwanga umepungua, na hilo limetosha. Kwa mito ya Tshopo hili si jambo la mbali: msitu unapofyekwa kando ya maji na uchimbaji wa dhahabu unapokoroga tope la mtoni, tunagusa mipaka ambayo samaki waliiweka kwa maelfu ya miaka.

Pingamizi kubwa zaidi ni la tumbo. Mzazi wa Ubundu anahitaji kitoweo, si orodha ya vinasaba, na ikiwa samaki wa mtoni wanapungua, kwa nini tusimwage tilapia wa Nile kila mahali? Jibu limo katika historia ya ngege wa Ziwa Victoria. Samaki huyo wa asili alikuwa nguzo ya uvuvi. Tilapia wa Nile waliletwa katika miaka ya 1950, sangara nao wakaingia, uvuvi ukazidi, na ngege akatoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa. Amebaki katika maji madogo ya pembeni, likiwemo Ziwa Kanyaboli nchini Kenya. Kwingine Afrika Mashariki tilapia wa Nile wamezaliana na tilapia wenyeji na kuchanganya damu ambayo haiwezi kuchujwa tena. Mkulima haachi mbegu zake zote za asili kwa sababu ya mbegu moja ya dukani, maana hajui mvua ya mwaka kesho itakuwaje. Tofauti za vinasaba ndizo zinazowapa samaki uwezo wa kuhimili ugonjwa mpya, joto lililozidi au hewa iliyopungua majini. Kwa hiyo kuzilinda ni kulinda kitoweo cha kesho.

Hatua za kuanzia hazihitaji fedha nyingi. Mabwawa ya kufugia samaki yawekwe mbali na mafuriko ya mto. Vifaranga wasihamishwe kutoka upande mmoja wa maporomoko kwenda mwingine. Takwimu za uvuvi ziandike mahali samaki alipovuliwa, si jina na uzito tu. Chuo Kikuu cha Kisangani na Kituo cha Ufuatiliaji wa Bayoanuwai kilichopo jijini humo vina wataalamu wa kuanza kazi hiyo pamoja na wavuvi, ambao wanaijua mikondo mikali kwa majina. Na kila mradi wa bwawa, reli au machimbo kati ya Ubundu na Kisangani uulizwe swali hili kabla ya kibali kutolewa: baada ya kazi hii, samaki wa maji haya watazaliana na nani?