Vituo Viwili vya Elimu Tokyo: Kimoja Kilidumu, Kingine Kiligeuka

Mwaka 1959 wakazi wa Tokyo walipata vituo viwili vya televisheni ya elimu ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 10 Januari shirika la utangazaji la umma, NHK, lilizindua idhaa yake ya elimu. Tarehe 1 Februari kikafuata NET, kituo cha kampuni binafsi, kilichopewa leseni kwa sharti kwamba zaidi ya nusu ya vipindi vyake viwe vya elimu.

Televisheni ilikuwa na umri wa miaka 6 tu nchini Japani, na tayari ilikuwa imezua hofu. Mwaka 1957 mwandishi Soichi Oya alionya kuwa chombo hicho kingewapumbaza wananchi wote. Vituo vya elimu vilitarajiwa kuonesha kwamba chombo hicho hicho chaweza pia kufundisha.

NET kilitegemea matangazo ya biashara. Mfanyabiashara hulipia macho ya watazamaji wengi, na somo la hesabu halikusanyi macho hayo. Mwaka 1973 leseni yake ikabadilishwa kuwa ya kituo cha kawaida; leo hii kinaitwa TV Asahi. Kituo kingine, kilichoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya elimu ya sayansi, kilipita njia hiyo hiyo, nacho sasa ni TV Tokyo.

Idhaa ya NHK ingali hai. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1950 humtaka mwenye televisheni afunge mkataba na NHK na kulipa ada, na hulizuia shirika hilo kurusha matangazo ya biashara. Kwa fedha hizo masomo yalifika madarasani, na kipindi cha watoto wadogo, Okaasan to Issho, yaani "Pamoja na Mama", kilichoanza mwaka 1959, kinaendelea hadi leo.

Ada hiyo haipendwi na wote. Wapo waliokataa kulipa, hata shauri likafika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2017 iliamua kuwa sheria hiyo haivunji katiba.

Ewe mzazi unayelalamika kwamba televisheni haimfunzi mwanao neno la maana, jiulize kwanza: ni nani anayekilipia kipindi anachokitazama, naye anataka nini kwa mtoto huyo?