Makaburi Mamoja kwa Mji Mzima

Kijijini neno la makaburi halitusumbui sana. Mkristo akifa, twamzika karibu na kanisa au katika shamba la ukoo wake, na jirani Mwislamu huzikwa kwao. Lakini kijiji kikigeuka mji, wakihamia watu wa kila dini na viwanja vikijaa nyumba, siku moja halmashauri husema: na patafutwe mahali pa kuzikia watu wote. Hapo ndipo ugomvi huanza. Nani atalala upande gani? Nani atapabariki?

Ugomvi huo uliwapata watu wa Vienna, mji mkuu wa Austria, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki.

Mwaka 1784 Kaisari Joseph II alikataza kuzika ndani ya kuta za mji, kwa ajili ya afya. (Aliamuru hata jeneza lenye mlango chini, maiti ashuke kaburini na jeneza litumike tena! Watu walikasirika mno, naye akaifuta amri hiyo upesi.) Makaburi yakachimbwa nje, lakini mji ukazidi kukua ukayafikia. Basi mwaka 1863 baraza la mji likakata shauri kutafuta eneo kubwa mbali. Likapatikana Simmering, mahali tambarare penye udongo unaofaa. Wakapiga hesabu ya mji wa watu milioni nne! Hesabu ilizidi, maana leo Vienna ina watu kama milioni mbili tu; lakini waliozikwa huko wapata milioni tatu, na nafasi ingalipo.

Taabu kubwa ilikuwa baraka. Baraza lilitaka makaburi yawe ya watu wa dini zote, na Wayahudi wawe na sehemu yao. Wakatoliki wengi walinung'unika, na wengine nao hawakutaka Kanisa lipabariki mahali pa watu wote. Ikaogopwa fujo. Tarehe 30 Oktoba 1874, siku mbili kabla ya maziko ya kwanza, Kardinali Rauscher akaenda kupabariki kimyakimya, bila makutano ya watu. Kisha, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makaburi yakafunguliwa.

Mimi naona Kardinali alitenda kwa busara, ila ni huzuni baraka kutolewa kana kwamba ni kwa kujificha. Miaka kumi na mmoja ilikuwapo ya kupatana.

Sheria ya Kanisa ya sasa, ya mwaka 1983, yaeleza vizuri. Inapowezekana, Kanisa liwe na makaburi yake, au walau sehemu yake iliyobarikiwa katika makaburi ya serikali. Isipowezekana, kila kaburi libarikiwe peke yake wakati wa kuzika. Kwa hiyo kuzikwa kando ya mtu wa dini nyingine hakumnyimi Mkristo baraka yake.

Waprotestanti walipata sehemu yao mwaka 1904, baadaye Waislamu, na Mabudha mwaka 2005. Angalieni jambo hili: Mwislamu hulazwa akielekea Makka. Basi upande wa makaburi yao lazima ujulikane kabla ya kuchora njia, si baadaye. Vilevile visima: mafundi wapime kwanza maji ya chini yaelekea wapi.

Jambo ambalo baraza la Vienna halikulifikiri sana ni barabara. Magari ya farasi yenye maiti yalipita njia ile ile kila siku, na wenye nyumba kando yake wakalalamika kwa kuona msiba tangu asubuhi hata jioni. Na penyewe palikuwa patupu, watu hawakupapenda. Ndipo baraza likatenga makaburi ya heshima, na mwaka 1888 mifupa ya Beethoven na Schubert, mafundi wa muziki, ikahamishiwa huko. Kanisa kubwa halikuanza kujengwa hata mwaka 1908.

Siku hizi tramu namba 71 hufika mpaka langoni. Watu wa Vienna wakisema fulani amepanda 71, maana yake amefariki.