Sumaku ya Kunyunyizwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Petite Barrière, mpakani mwa Gisenyi na Goma, kwenye zile baiskeli za magurudumu matatu ambazo walemavu huzitumia kuvushia mizigo kwa nguvu za mikono. Siku zikifungwa mota ya umeme, kazi kubwa itafanywa na sumaku.

Fungua redio kuukuu: nyuma ya spika kuna duara zito, jeusi. Hiyo ni sumaku ya feriti, ya bei rahisi. Spika ya simu ina kijipande kinachong'aa, ambacho kikinasa bisibisi kukibandua ni kazi. Hiki ni neodimiamu, chuma na boroni, mchanganyiko uliopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa, Japani, na John Croat wa General Motors, Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Mng'ao ule ni nikeli, na si pambo: bila nikeli sumaku huliwa na kutu.

Kwa kawaida, kutengeneza sumaku hii, unga wa madini hushindiliwa, ukachomwa tanuruni, kisha ukakatwa na kunolewa. Ukitaka kipande chembamba, kinapasuka mkononi, na unga wa thamani unaishia kwenye takataka.

Njia ya kunyunyiza kwa plazima haikati kitu. Gesi ya agoni hupitishwa kwenye cheche ya umeme isiyokatika, ikapata joto la zaidi ya nyuzi 10,000: hiyo ndiyo plazima. Unga ukimwagwa humo huyeyuka ukiwa angani. Kila tone hugonga chuma, likatandazika kama chapati na kuganda papo hapo. Tone juu ya tone, utando hunenepa, hata juu ya mhimili wa mviringo.

Tabu ni kwamba neodimiamu ina uchu wa oksijeni. Ukinyunyiza kwenye hewa ya kawaida, unavuna oksidi. Kwa hiyo kazi hufanyika ndani ya chumba kilichofyonzwa hewa. Tena tone lililoganda ghafla halikupata muda wa kupanga fuwele zake. Sharti utando upashwe upya, nyuzi 600 hivi au zaidi, ndipo utiwe usumaku. Hata hapo fuwele huelekea huku na kule, na nguvu hupungukia ile ya sumaku ya kushindiliwa. Kwa mota ya baiskeli zetu nisingeichagua; kwa vifaa vidogo vya kupimia, naam.

Wiki ijayo: Gakara, Burundi, mgodi wa madini yenye neodimiamu ulioanza uzalishaji 2017 na kusimamishwa na serikali 2021.