Je, Wajua? Picha za Madaktari Zilizogeuka Nyuso

Msanii Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusoma shule ya Loreto Convent Msongari, si mbali na Kawangware na Riruta. Baadaye alienda Wales, kisha Marekani, ambako alihitimu chuo cha Cooper Union mwaka 1996 na kupata shahada ya uzamili ya uchongaji Yale mwaka 2000.

Kazi yake iliyo karibu zaidi na sayansi ni mfululizo wa picha 12 za mwaka 2006, uliopewa jina linalosikika kama la kitabu cha maabara, kwani linataja histolojia, yaani uchunguzi wa tishu, ya aina mbalimbali za uvimbe wa mfuko wa uzazi. Mutu alichukua michoro ya zamani ya kitabibu, ile iliyochorwa ili daktari autambue ugonjwa, akabandika juu yake macho na midomo iliyokatwa kwenye majarida, pamoja na manyoya na vumbi la kumetameta. Ukiitazama kwa mbali unaona uso wa mwanamke. Ukisogea, shavu linageuka kiungo kilichopasuliwa. Ni ubunifu wa hali ya juu: mchoro uliomfanya mwanamke kuwa kielelezo cha maradhi sasa unamtazama anayeutazama.

Sayansi ilirudi pia katika maonyesho yake yaliyoitwa Ndoro na Miti, New York, 2017, ambako alionyesha matufe yenye umbo la virusi, yaliyofinyangwa kwa karatasi iliyosagwa na udongo. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba nyeusi ziliwekwa kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, katika vishubaka vilivyokaa vitupu tangu 1902. Siku hizi ana karakana Nairobi na Brooklyn.