Rumanyika au Ibanda? Kikundi chenye nauli ya safari moja kiende wapi

MICHANGO ya kikundi cha jogging imekusanywa mwaka mzima, hiace ya kukodi imepatikana na wanachama wanataka safari moja ya maana ya likizo. Serengeti ni mbali. Ukipiga hesabu ya mafuta, malazi na viingilio, mweka hazina anafunga daftari mwenyewe bila kuambiwa. Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa, jibu liko nyuma ya migomba yao. Kuna Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe, na kuna Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa.

Shida ni kwamba hela ni ya safari moja na hifadhi ni mbili.

Zote zilikuwa mapori ya akiba hadi mwaka 2019, zilipopandishwa hadhi sambamba na Burigi-Chato na kuwekwa chini ya TANAPA. Mabadiliko hayo si ya ubao wa getini tu. Kwenye pori la akiba, mwindaji mwenye kibali na bunduki anaweza kuruhusiwa kuingia. Kwenye hifadhi ya taifa uwindaji ni marufuku, na anayetegemewa ni mtalii mwenye kamera na viatu vya kutembelea. Kama huyo haji, geti linabaki na askari wake na ndege wa angani.

Kwa ukubwa hazitishi. Rumanyika ina kilomita za mraba zipatazo 247, Ibanda karibu 300. Serengeti peke yake ina 14,763, yaani hizi mbili zikijumlishwa zinaingia humo karibu mara 27. Anayetaka kuona misafara ya nyumbu atakuwa amepotea njia. Ila mtu wa mazoezi hatafuti idadi ya wanyama peke yake, na hapo ndipo Rumanyika inapoanza kuongoza.

Rumanyika ni nchi ya vilima. Unapanda mgongo mmoja, unashuka bondeni, unakuta mwingine unakusubiri. Mkimbiaji aliyezoea kilomita kumi za lami tambarare ya pwani akifika huku atahema kama kipa aliyepigiwa penalti tano, maana mwinuko ni mkubwa na hewa ni nyepesi. Jua likiwa kali, baridi ya asubuhi bado ipo. Sweta si pambo. Misitu na vichaka vimefunga, kwa hiyo tembo na chui waliomo hawajianiki hovyo. Nyani na ngedere ndio wasio na aibu. Kutembea kwa miguu ni pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha, na anayedhani atamwacha nyuma askari huyo kwenye mlima ajaribu aone.

Jina lenyewe lina uzito. Rumanyika alikuwa Omukama wa Karagwe, ambaye mwaka 1861 aliwapokea Waingereza Speke na Grant wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Wageni hao walilibandika ziwa la karibu na ikulu ya Bweranyange jina la ziwa la kwao, Windermere. Grant aliugua mguu na kubaki Karagwe kwa miezi kadhaa wakati mwenzake akiendelea na safari ya Buganda. Kwa lugha ya michezo, alikuwa majeruhi, na Karagwe ikamtunza.

Kisha kuna Mtagata, chemchemi ya maji moto. Stanley alipofika mwaka 1876 aliwakuta wagonjwa wakioga humo wakitafuta nafuu, na sifa hiyo haijafutika. Wachezaji wa klabu kubwa wanalipiwa bafu la moto na la barafu baada ya mechi. Huku maji yanatoka ardhini yameshachemka. Kwa misuli iliyopanda vilima tangu asubuhi, hiyo ni hoja nzito.

Ibanda ni mchezo mwingine. Iko kwenye kona ya kaskazini magharibi kabisa ya nchi, pale Mto Kagera unapoacha kutenganisha Tanzania na Rwanda na kuanza kupinda kuelekea mashariki, ukiwa mpaka na Uganda. Ukisimama sehemu moja unatazama nchi mbili za watu. Mtoni kuna viboko na mamba. Kwenye nyika kuna jamii za swala, na kwa kuwa uwazi ni mkubwa, jicho linafika mbali. Bibi mwenye magoti mabovu na mtoto wa darasa la pili wataiona Ibanda wakiwa wamekaa kwenye gari. Rumanyika wangebaki garini wakiwasubiri wengine, na hiyo si likizo bali ni adhabu.

Sasa njia. Anayetoka Bukoba anateleza na lami kupitia Kyaka hadi Bugene na Omurushaka. Rumanyika iko karibu zaidi na hapo. Kwenda Ibanda unaendelea kupita Nkwenda na Isingiro kuelekea Murongo, na safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja inageuka mbio za magari. Wanaochagua Ibanda wapange kulala. Malipo ya hifadhi ni kwa mfumo wa serikali, siyo noti mkononi getini, kwa hiyo mweka hazina apate namba ya malipo mapema badala ya kuhangaikia mtandao porini huku watu wamevaa kofia tayari.

Mvua ndiyo mwamuzi mkali kuliko wote. Wengi wanarudi nyumbani Desemba, wakati wa senene na sikukuu, lakini Desemba vuli bado haijatulia. Vilima vyenye utelezi vinavunja vifundo vya miguu, na gari dogo linaweza kulala njiani.

Ng'ambo ya mto, Rwanda waliirudisha simba Akagera mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017, na wageni wanapanda boti ziwani humo. Upande wa huku, majirani wa hifadhi waliozoea kuchunga na kukata kuni ndani ya pori sasa wanazuiwa mpakani. Wanachoweza kupata badala yake ni mgeni anayenunua ndizi, kulala gesti na kukodi bodaboda. Wapo wanaosafiri hadi Kaitaba kutazama dakika 90 za mpira na kurudi usiku, lakini geti la Rumanyika hawajawahi kuliona.

Kwa kikundi cha mazoezi, basi, ni Rumanyika, tena bila mjadala mrefu, na Mtagata iwe kituo cha mwisho kabla ya hiace kugeuza. Kwa familia yenye wazee na watoto ni Ibanda, siku mbili. Na kama kikundi kinaweza kuvumilia, hela ile ikae benki hadi Juni au Julai, njia ikiwa kavu.