Yoga ya watoto: cheti cha ualimu kinapatikana namna gani, na kina uzito gani?

Masaa 200, kisha 95, kisha mengine 30. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mtu anapaswa kumaliza kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya walimu wa yoga ya watoto ya Yoga Alliance, shirika la Marekani ambalo orodha yake inajulikana kuliko nyingine zote. Lakini matangazo kwenye simu yanasema habari nyingine: wikendi moja tu, malipo kwa njia ya intaneti, na mwishoni cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu kinachotamka kwamba wewe ni mwalimu «aliyethibitishwa».

Intaneti haina mpaka. Tangazo hilo linasomwa Goma na Bukavu sawa na Chicago, na vijana wa kwetu waliosomea ualimu na kukaa bila kazi wana sababu ya kulitazama mara mbili. Kwa hiyo inafaa kujua ni nini kinachouzwa hapo.

Yoga ni mazoezi ya mwili, ya pumzi na ya kutuliza mawazo, na asili yake ni India. Umoja wa Mataifa uliipatia siku yake ya kimataifa, tarehe 21 mwezi wa sita, kwa azimio la mwaka 2014. Yoga ya watoto ni tawi changa la mti huo. Mmoja wa walioikuza ni Sonia Sumar, mama kutoka Brazili. Mwaka 1972 alizaa binti, Roberta, mwenye ulemavu unaoitwa trisomia 21. Akaanza kumfanyisha mazoezi ya yoga nyumbani, kidogo kidogo, akifuata uwezo wa mtoto mwenyewe. Kutokana na kazi hiyo ya nyumbani ilizaliwa njia ambayo baadaye aliwafundisha walimu na wazazi wa nchi mbalimbali. Hapakuwa na cheti siku ile. Vyeti vilikuja nyuma, soko lilipokuwa kubwa.

Yoga Alliance ilianzishwa mwaka 1999, na makao yake yako katika jimbo la Virginia. Mlango wake wa kwanza ni wa watu wazima: lazima mtu asome masaa 200 ya ualimu wa yoga wa kawaida katika shule iliyoandikishwa na shirika hilo. Akishapita hapo ndipo anaingia mafunzo ya watoto, masaa 95. Kisha anapaswa kufundisha watoto masaa 30 mwenyewe. Tangu korona ya mwaka 2020, mafunzo kwa njia ya intaneti yanakubaliwa pia, na hilo ndilo lililofungua mlango kwa mtu wa mbali, na pia kwa wachuuzi.

Je, ndani ya masaa hayo 95 wanafundishwa nini? Hapa ndipo mtu anayefikiri ni kazi ya kujipinda tu anapata mshangao.

Jambo la kwanza ni kwamba mtoto wa miaka 4 hawezi kukaa kimya kwenye mkao mmoja akisikiliza pumzi yake. Atacheka, atamsukuma jirani, ataomba kwenda msalani. Kwa hiyo mwalimu anajifunza kutunga hadithi yenye mwendo. Darasa linaenda safari ya msituni: wanasimama kwa mguu mmoja wakiwa mti, wanakunja mgongo kama paka, wanalala kifudifudi na kuinua kifua kama nyoka, wanachuchumaa na kuruka kama chura. Wakifika kwa simba wanapiga magoti, wanavuta pumzi puani, wanafungua kinywa, wanatoa ulimi wote nje na kunguruma. Kwa nyuki wanafunga midomo na kutoa pumzi polepole wakivuma «mmm». Mtoto anadhani anacheza. Kumbe anajifunza kutoa pumzi kwa urefu kuliko alivyoivuta, na hilo linasaidia mwili kutulia. (Kusema kweli, mtoto wa kwetu hahitaji maelezo mengi juu ya namna chura anavyoruka. Mwalimu wa New York ndiye mwenye kazi.)

Kisha kuna somo la mwili. Mifupa ya mtoto bado inarefuka, na karibu na ncha zake kuna sehemu laini za kukulia ambazo hazijawa ngumu. Viungo vyake vinapinda kirahisi, na urahisi huo unadanganya: mwalimu asiyejua anamsukuma mtoto afike mbali zaidi kwa sababu anaona anaweza. Mafunzo mazuri yanakataza kumsukuma, yanakataza kuwashindanisha watoto nani kapinda zaidi, na yanaonya juu ya kuzuia pumzi na kusimama kwa kichwa kwa wadogo. Umri pia unagawanywa. Mchezo wa chura unaowafurahisha wa miaka 5 utamfedhehesha wa miaka 14, ambaye anataka kuongea juu ya usingizi, mitihani na hasira.

Somo ambalo mimi naliona zito kuliko yote ni lile la mikono ya mwalimu. Kumgusa mtoto kunahitaji ruhusa yake, na sababu iliyo wazi. Anayekataa kushiriki anaachwa akae pembeni atazame. Hapigiwi kelele. Na kwa watoto waliopita katika vita au ukatili, mambo yanabadilika kabisa. Kumwambia mtoto kama huyo «funga macho, lala chali» kunaweza kumletea hofu badala ya utulivu, kwa hiyo anaachiwa macho wazi na anachagua mwenyewe namna ya kukaa. Katika majimbo yetu, ambako familia nyingi zimekimbia zaidi ya mara moja, hakuna anayeweza kuruka ukurasa huo. Tena mwalimu wa yoga si daktari wala mwanasaikolojia. Mtoto asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye neno «aliyethibitishwa». Watu wanachanganya karatasi tatu. Ya kwanza ni cheti, au breve kama tunavyosema, kinachotolewa na shule iliyokufundisha. Uzito wake ni uzito wa shule hiyo. Ya pili ni kuandikwa katika orodha ya Yoga Alliance, jambo la hiari linalolipiwa ada kila mwaka. Shirika halikufanyishi mtihani wewe binafsi: linategemea neno la shule kwamba ulimaliza masaa. Ya tatu ingekuwa leseni ya serikali, kama ya daktari au ya dereva. Hiyo, kwa ualimu wa yoga nchini Marekani, haipo. Mtu anaweza kufungua darasa kesho bila karatasi hata moja, na anayeuza cheti cha wikendi moja havunji sheria.

Kinachowalinda watoto kule ni kitu kingine. Shule za serikali za Marekani kwa kawaida zinadai alama za vidole na uchunguzi wa historia ya mtu kabla hajakaa na wanafunzi, hata awe na vyeti kumi. Kwa maoni yangu, shirika lolote la kwetu linalotaka kuleta yoga kwa watoto lianze kwa kuuliza mtu huyo ni nani na alifanya kazi wapi, ndipo liangalie breve yake.

Halafu kuna pesa. Mafunzo ya masaa 200 mara nyingi yanapita dola 1000, na mengi yanafika dola 2000 au 3000. Ya watoto yanaongeza mamia mengine. Mwalimu wa shule ya msingi wa huku anajua mwenyewe hiyo ni mishahara ya miezi mingapi.

Swali ambalo wazazi wengi wa kwetu watauliza mapema ni la dini. Si swali la Wakongomani peke yao. Katika mji wa Encinitas, California, shule za serikali zilianza kufundisha yoga kwa msaada wa zaidi ya dola 500.000 kutoka kwa mfuko mmoja wa wapenzi wa yoga. Wazazi walienda kortini wakisema watoto wanaingizwa dini ya Kihindu. Mwaka 2013 jaji John Meyer aliamua kwamba yoga ina mizizi ya dini, lakini jinsi ilivyofundishwa katika shule zile haikuwa dini, na mwaka 2015 korti ya rufaa ikakubali uamuzi huo. Shule zilikuwa zimeondoa maneno ya Kisanskriti. Hata mkao maarufu wa kukunja miguu ulipewa jina la mchezo wa watoto wa Kimarekani. Jimbo la Alabama lilikuwa kali zaidi: lilikataza yoga katika shule za serikali mwaka 1993, na lilipoiruhusu kwa sheria ya mwaka 2021, liliweka masharti kwamba majina yawe ya Kiingereza tu, nyimbo za kuomba zisiwepo, salamu ya «namaste» isitamkwe, na mzazi atie sahihi kwanza. Wengine waliona masharti hayo ni dharau kwa Wahindi. Lakini hilo la sahihi ya mzazi hata mchungaji na shehe wangekubaliana nalo.

Kwa msomaji wa Kivu au Ituri, njia ya Marekani si njia pekee, wala si ya karibu. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Paige Elenson, Mmarekani, ambayo imewafundisha ualimu wa yoga vijana wa mitaa maskini ya mji ule, wengi wao kwa kulipiwa masomo. Ni yoga ya kila umri, si ya watoto peke yao, lakini kuna Kiswahili mitaani na mpaka unavukwa kwa basi.

Na kwa Kifaransa ipo RYE ya Paris. Micheline Flak, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya Condorcet, alianza mwaka 1973 kuwafanyisha wanafunzi wake mazoezi mafupi kabla ya somo, na mwaka 1978 akaanzisha shirika hilo la utafiti wa yoga katika elimu. RYE inawalenga hasa walimu na walezi ambao tayari wanakaa na watoto kila siku. Mazoezi yake mengi hayahitaji mkeka wala ukumbi: mtoto anabaki kwenye kiti chake, ananyoosha mikono, anasikiliza sauti zilizo karibu na za mbali, anapumua mara chache, kisha kitabu cha hesabu kinafunguliwa. Ni dakika chache tu. Katika darasa la watoto zaidi ya hamsini, watatu watatu kwenye benchi moja, naona njia hii inaingia kuliko ile ya mikeka ya rangi tunayoiona kwenye picha.

Anayetaka kulipa hata hivyo, aiulize shule maswali machache kwa maandishi. Je, imeandikishwa wapi, na jina lake linaonekana kwenye orodha hiyo leo? Masaa mangapi ni ya kukutana na mwalimu moja kwa moja, na mangapi ni ya kutazama video peke yako? Nani atakutazama ukifundisha watoto halisi, na atakuambia makosa yako? Wakikataa kujibu swali hilo la mwisho, simu izimwe na dola zibaki mfukoni.